Kadi ya Simu Ikikataa Kusomeka: Tusiharakishe Kupoteza Kumbukumbu za Kikundi

SOMO LA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vikundi vingi lina pacha wake ndani ya simu. Katibu akimaliza kuandika muhtasari wa mkutano, anaupiga picha. Mweka hazina anapiga picha ukurasa wa mikopo. Kina mama wa maziwa ya ngamia wanarekodi kwa sauti lita walizopokea, kwa kuwa si wote wanaoandika. Wakulima wanapiga picha pampu, mifereji na migomba yao, ili mto ukija juu wawe na ushahidi wa walichokuwa nacho. Yote haya hukaa ndani ya kitu chenye urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1, yaani kadi ya kumbukumbu, ambayo wengi wetu twaiita memori kadi.

Faida yake tumeiona. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliingia nyumba na mashamba upande wa Garissa mjini na upande wa Madogo. Daftari likilowa, wino hutoka na karatasi hushikana. Picha ya ukurasa uleule, kama ilikuwa imewekwa nyumba nyingine iliyo juu, haidhuriki. Tena huko ambako mtandao haushiki vizuri, kadi ndiyo inayopanda gari mpaka mjini, kurasa zikachapishwe.

Lakini tunapotembelea vikundi tunaona pia upande wa pili. Kadi inafika saiba, inatiwa kwenye kompyuta, kompyuta inaikataa. Hapo watu wanaingiwa na haraka. Na mara nyingi si ubovu wa kadi unaopoteza kumbukumbu za kikundi. Ni yale yanayofanywa katika dakika 5 zinazofuata. Hilo ndilo somo letu la leo.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili, kila mwanachama aweze:
(a) kueleza kwa nini kadi inayokataa kusomeka si lazima iwe tupu;
(b) kutafuta shida iko wapi, hatua kwa hatua;
(c) kusema hapana pale kompyuta au simu inapotaka kufomati kadi;
(d) kusaidia kikundi kuweka nakala zaidi ya moja.

TUANZE NA MFANO

Mfano huu tumeutunga, lakini wengi wenu mtautambua. Katibu wa kikundi cha kina mama ametoka kijijini na kadi yenye picha za daftari la miaka 3. Ofisi inataka kurasa zilizochapishwa ndipo maombi ya mkopo yaendelee, na mwisho wa kupokea ni saa kumi jioni. Kijana wa saiba anatia kadi kwenye kompyuta.

"Mama, kompyuta inasema kadi ifomatiwe ndipo ifunguke. Nibonyeze ndiyo?"

"Mimi mambo hayo siyajui, mwanangu. Bonyeza tu tuendelee, saa zinakwenda."

Akabonyeza. Kadi ikafunguka vizuri kabisa, lakini ndani hamna kitu.

Kijana hakuwa na nia mbaya, wala mama si mjinga. Swali liliandikwa kwa Kiingereza, likaonekana kama sharti. Kumbe kufomati maana yake ni kuipanga kadi upya, kama vile ndiyo kwanza imetoka dukani. Kompyuta haikusema kwamba kadi ni tupu. Ilisema tu imeshindwa kuuelewa mpangilio wake, ikauliza kama mwenyewe anataka kuanza upya. Jibu sahihi lilikuwa hapana.

KADI INAVYOFANYA KAZI

Fikirini ghala la nafaka la kijiji. Mlangoni kuna rejista: mahindi ya fulani yako safu ya 2, maharagwe ya fulani yako pembeni. Ndani kuna magunia yenyewe. Rejista ikichanika, mgeni anayeingia hawezi kujua lipi ni la nani wala liko wapi. Atasema ghala hili halieleweki. Lakini magunia hayajaenda popote.

Kadi nayo iko hivyo. Ina sehemu ndogo ambayo ni kama rejista, na sehemu kubwa yenye faili zenyewe. Mtu akichomoa kadi wakati simu bado inaandika, au betri ikizimika katikati ya kurekodi, rejista inabaki nusu. Kompyuta ikiisoma inachanganyikiwa, na ndipo inapouliza habari ya kufomati.

Sasa shikeni jambo hili. Ukifuta picha, au kadi ikifomatiwa kwa ile njia ya haraka, kinachoondolewa hasa ni rejista. Magunia hubaki mpaka utakapoleta mzigo mpya, ukapangwa palepale yalipokuwa ya zamani. Kuna fomati nyingine ndefu ambayo hupangusa kadi yote, na hiyo haiachi kitu cha kuokoa. Ndiyo maana tunaweka kanuni ya kwanza:

KADI IKILETA SHIDA, USIANDIKE KITU KIPYA JUU YAKE. Usipige picha nyingine, usirekodi, usiongezewe nyimbo, usifomati. Itoe, ikunje ndani ya karatasi safi, andika tarehe na shida iliyotokea. Kadi iliyotulia inaweza kungoja hata mwezi mmoja mpaka apatikane mtu anayejua.

TAFUTENI SHIDA IKO WAPI

Kati ya simu na kompyuta kuna vitu vinne: simu yenyewe, kadi, adapta au kisoma kadi, na kompyuta. Chochote kati ya hivyo chaweza kuwa kibovu. Njia ya kugundua ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua ni kipi kilichokuwa na ugonjwa.

Hatua ya 1. Rudisha kadi kwenye simu iliyotoka. Zima simu kwanza, tia kadi, kisha washa. Picha zikifunguka kwenye simu, shukuru: kadi ni nzima, na shida ni adapta au kompyuta. Lakini kama shida yako ni picha zilizofutwa au kadi iliyokwisha kufomatiwa, usiirudishe kwenye simu, kwa sababu simu ikiwaka huandika vitu vyake vidogo juu ya kadi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuokoa, hapo chini.

Hatua ya 2. Badilisha adapta. Ile ganda kubwa ya plastiki inayobeba kadi ndogo huchoka haraka, na vibati vyake vikilegea kadi haigusi vizuri. Adapta ni rahisi kununua, kwa hiyo ijaribuni hiyo kabla ya kuilaumu kadi.

Hatua ya 3. Safisha vibati. Vumbi letu ni jembamba na huingia kila mahali. Pangusa vibati vya dhahabu vya kadi kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji, mate wala kisu.

Hatua ya 4. Jaribu kompyuta nyingine. Kompyuta za zamani na visoma kadi vya zamani haviwezi kusoma kadi kubwa. Tazama maandishi juu ya kadi yako. Kadi za SD zilianza mwaka 1999, zikiletwa na kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba. Alama ya SD peke yake ni kadi ya hadi gigabaiti (GB) 2. Alama ya SDHC ni zaidi ya GB 2 mpaka GB 32. Alama ya SDXC ni zaidi ya GB 32. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya SDHC chaweza kuikataa SDXC, ingawa kadi ni mpya na nzima. Vivyo hivyo simu za kabambe: nyingi husema zinachukua mwisho GB 32 au chini ya hapo. Ukinunulia kikundi kadi, GB 16 au GB 32 inatosha sana kwa picha za daftari, na itasomeka karibu kila mahali.

DALILI NA MAANA ZAKE

Dalili ya 1: Simu inaisoma kadi, kompyuta haioni kitu kupitia waya.
Hapa kadi mara nyingi haina kosa. Angalieni mambo matatu. Kwanza waya: kuna nyaya za USB za kuchaji tu, hazina njia ya kupitisha faili, badilisha waya. Pili, fungua kioo cha simu kwa namba yako ya siri, kwa maana simu iliyofungwa haionyeshi faili zake. Tatu, vuta chini tangazo linalotokea juu ya kioo, ambalo kwa kawaida linasema simu inachaji, uchague kuhamisha faili.

Dalili ya 2: Kadi inafunguka lakini picha unazozitafuta hazimo.
Huenda hazikuwahi kuwamo. Simu nyingi huhifadhi picha ndani ya simu yenyewe mpaka ubadilishe mpangilio wa kamera zihifadhiwe kwenye kadi. Picha zilizopokewa kwa WhatsApp nazo hukaa ndani ya simu. Kabla ya kusafiri na kadi peke yake, itoe, washa simu bila kadi, utazame ni picha zipi zimebaki. Zinazobaki ziko ndani ya simu, na zinazokosekana ndizo zilizo kwenye kadi.

Dalili ya 3: Kompyuta inasema kadi imefungwa, haiwezi kuandikwa.
Kwenye ubavu wa adapta kubwa kuna kitufe kidogo cha kuteleza. Kikiteremshwa upande wa kufunga, kwa kawaida kompyuta itasoma lakini haitaandika wala kufuta. Jambo hili ni la manufaa. Ukipeleka kadi saiba kuchapisha tu, ifunge makusudi kwa kitufe hicho. Kwa kawaida kompyuta yenye virusi haitaweza kuiambukiza kadi, wala mtu hataweza kufuta kitu kwa bahati mbaya.

Dalili ya 4: Unafuta picha, ukizima na kuwasha simu zinarudi zote.
Hiyo ni kadi inayokufa. Kadi huandikwa mara nyingi kisha huchoka, na nyingine zikichoka hubaki za kusomwa tu. Usiitafutie dawa. Nakili kila kitu upesi kwenye kompyuta au flashi, kisha uistaafishe.

Dalili ya 5: Faili zote zimegeuka kuwa vijia vya mkato, au folda zimetoweka ingawa kadi inaonyesha imejaa.
Hivyo ni virusi. Huingia sana pale tunapopelekea kadi ijazwe nyimbo au video kwenye kompyuta inayopokea kadi za kila mtu. Virusi hivi huzificha faili za kweli na kuweka vijia vya mkato mahali pake; ukibofya kijia, unavisaidia kuenea. Basi usibofye. Mwambie kijana wa saiba aonyeshe faili zilizofichwa, na pia zile za mfumo zinazofichwa na Windows, halafu anakili faili za kweli mahali pengine baada ya kuzipitisha kwenye programu ya kuua virusi. Nakala zikishahakikishwa, hapo ndipo kadi inaweza kufomatiwa.

Dalili ya 6: Picha za zamani zinafunguka, za karibuni ni nusu au hazifunguki kabisa, na kadi ni mpya.
Yaelekea mmeuziwa kadi ya bandia. Kuna kadi zilizoandikwa GB 64 au GB 128 ambazo ndani zina GB chache tu, lakini zimefundishwa kuidanganya simu. Simu inaendelea kuandika, kumbe nafasi ilikwisha siku nyingi. Kadi mpya ijaribiwe kabla haijatiwa kumbukumbu za kikundi. Ipo programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, ambayo hujaza kadi yote kisha husoma tena kuona kama kilichoandikwa kimo. Itumieni kwenye kadi mpya iliyo tupu tu. Na mkiona kadi kubwa inauzwa kwa bei ya kutupa, jiulizeni.

Dalili ya 7: Kadi inasomeka kwenye simu moja tu. Kila simu nyingine na kila kompyuta inataka kuifomati.
Tangu Android 6.0 iliyotoka mwaka 2015, baadhi ya simu huuliza, ukitia kadi mara ya kwanza, kama itumike kama hifadhi ya kubebeka au kama sehemu ya simu yenyewe. Ukichagua sehemu ya simu, kadi inafungwa kwa siri ambayo ufunguo wake uko ndani ya simu ile tu. Kadi kama hiyo haisomeki kwingine popote. Ikiwa simu ingali inafanya kazi, irudishe humo unakili faili kwa waya. Simu hiyo ikiharibika kabisa, au ikirudishwa kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo umepotea na faili haziokoleki, hata na fundi. Kwa kadi ya kikundi, chagueni siku zote hifadhi ya kubebeka.

KAMA MAJI YAMEKWISHA KUMWAGIKA

Tuseme picha zimefutwa au kadi imefomatiwa. Je, yote yamekwisha? La, mara nyingi bado. Kama hakuna aliyeandika juu ya kadi baadaye, faili nyingi zaweza kupatikana, isipokuwa kwa kadi ya Dalili ya 7. Ziko programu za bure za kazi hiyo. Mojawapo ni PhotoRec, iliyotengenezwa na Mfaransa Christophe Grenier. Programu hii haiitumii rejista iliyoharibika. Inapita gunia kwa gunia ikitambua kila faili kwa umbo lake, wala haiandiki juu ya kadi inayookolewa.

Mkienda kwa fundi, mwambieni mambo haya manne:

1. Asifomati na asirekebishe kadi kwanza. Hata ile kazi ya kompyuta ya kukagua na kurekebisha makosa ya kadi ingoje mpaka nakala ipatikane.
2. Faili zinazookolewa zihifadhiwe kwenye kompyuta au flashi nyingine, kamwe zisirudishwe kwenye kadi ileile.
3. Msishangae majina yakipotea. Picha hurudi na namba badala ya majina, na katibu atahitaji muda wa kuzipanga kwa kutazama tarehe zilizoandikwa kwenye kurasa.
4. Mkubaliane bei kabla ya kazi kuanza, na mjue italipwaje ikiwa hakuna kitu kilichopatikana.

Kama kadi imevunjika, au haitambuliwi kabisa na kifaa chochote baada ya hatua zote 4 za hapo juu, programu hizi hazitasaidia. Msimwage pesa za kikundi kwa ahadi tupu.

KADI NI PUNDA, SI GHALA

Punda hutubebea maji kutoka mtoni mpaka nyumbani. Hakuna anayemwachia punda maji mgongoni mwaka mzima. Kadi nayo ni ya kubebea. Huangukia mchangani, hupotea mfukoni, huchoka, huibiwa pamoja na simu. Hata ikikaa droo miaka mingi bila kutumika, yaliyomo yaweza kufifia. Kwa hiyo kumbukumbu za kikundi zisiwe na makao mamoja tu.

Mnajua utaratibu wa sanduku la akiba lenye kufuli 3. Funguo hushikwa na watu 3 wa nyumba tofauti, si kwa sababu tunashuku mtu, bali ili jambo likimpata mmoja, kikundi kisianguke. Fanyeni hivyo na kumbukumbu:

– Nakala ya kwanza ni daftari lenyewe la karatasi. Msiliache kwa sababu mna simu.
– Nakala ya pili ni picha katika simu au kadi ya katibu.
– Nakala ya tatu ni flashi inayokaa kwa ofisa mwingine, katika nyumba nyingine, na ikiwezekana sehemu isiyofikiwa na maji.

Chagueni siku moja kila mwezi, kwa mfano mkutano wa kwanza wa mwezi, iwe siku ya kunakili. Kazi hiyo iandikwe kwenye muhtasari: nani alinakili, nini kilinakiliwa, na nani alifungua nakala kuhakikisha inasomeka. Hilo la mwisho watu hulisahau. Nakala ambayo haijafunguliwa hata mara moja bado haijulikani kama ni nakala.

Kisha kuna tabia ndogo ndogo za kila siku:

– Zima simu kabla ya kutoa kadi, au nenda kwenye mipangilio uchague kuiondoa kadi kwanza. Kwenye kompyuta pia, omba kadi iondolewe kwa usalama kabla ya kuichomoa.
– Usirekodi mkutano mrefu betri ikiwa imebaki kidogo.
– Kadi ya kikundi iwe ya kikundi. Nyimbo, kaswida na video ziwe na kadi yake.
– Usiiache simu juani, juu ya dashibodi ya gari au juu ya paa ikichajiwa kwa sola.
– Andika jina la kikundi kwenye kibahasha cha kadi, si kwenye vibati.

HESHIMA KWA HABARI ZA WATU

Ndugu zetu, kadi ya kikundi ina mambo ya watu. Ndani yake mna namba za vitambulisho, madeni, na hata picha za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatutaka tuzitunze habari za watu, na hata bila sheria hiyo, mwanachama aliyetupa picha ya kitambulisho chake ametuamini.

Basi kadi isipelekwe saiba na mtoto aliyetumwa tu dukani. Aende ofisa, asimame kando ya kompyuta mpaka kazi iishe. Faili zilizonakiliwa kwenye kompyuta ya watu zifutwe, na pipa la takataka la kompyuta limwagwe. Na kwa kuwa tumekwisha kujifunza kwamba faili iliyofutwa inaweza kufufuliwa, kadi ya zamani ya kikundi isiuzwe wala isigawiwe. Ivunjwe mbele ya maofisa, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba imevunjwa.

Neno moja kwa vijana wanaofanya kazi saiba, kwa maana wengi ni watoto wetu. Mzee au mama akikuletea kadi, na kompyuta ikauliza habari ya kufomati, usimuulize tu "nibonyeze?" Mweleze kwanza kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kisomali, kwamba akikubali anaweza kupoteza kila kitu. Kisha mjaribu hatua tulizozitaja. Mteja anayekuamini atarudi, na atakuletea wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kumbukumbu za kikundi chetu ziko mahali pangapi leo? Nyumba ya katibu ikiingia maji usiku huu, tutabaki na nini?
2. Nani katika kikundi anajua namba ya siri ya simu yenye kumbukumbu? Akisafiri, tutafanyaje?
3. Kadi yetu imeandikwa SD, SDHC au SDXC? Ilinunuliwa lini, na imewahi kujaribiwa?
4. Katika mfano wetu, katibu angeweza kumjibu nini kijana wa saiba? Wawili waigize mbele ya kikundi, mmoja awe katibu na mwingine kijana, saa kumi ikikaribia.
5. Je, wanachama wasiosoma wanajuaje kilichomo kwenye kadi? Tunawachezea sauti na kuwaonyesha picha, au tunawaambia tu?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Maofisa watatu wakutane na simu, kadi, flashi moja na daftari. Wanakili picha za kurasa zote za mwaka huu kwenye flashi. Kisha flashi ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, isiyo ile ya kwanza, na zichaguliwe kurasa 5 za kulinganishwa na daftari, neno kwa neno na shilingi kwa shilingi. Matokeo yasomwe mbele ya wanachama wote, na flashi ikabidhiwe atakayeitunza, naye atie sahihi au alama ya kidole gumba.

Kikundi kisicho na kompyuta karibu kiungane na kikundi jirani au shule ya kijiji, wapange siku moja. Kuuliza si ujinga. Tukiwatembelea tena, tutaomba kuona ukurasa wa muhtasari ulioandikwa siku hiyo ya kunakili.

Tunawatakia kazi njema na mvua za kiasi.